Akiba ya Buyenzi

Bujumbura haina shida ya kupata chakula. Shida yake ni kukiweka. Ndagala waliovuliwa usiku huanza kupasuka matumbo kabla ya saa nne asubuhi. Nyanya zinazoteremshwa na malori kutoka Bugarama hufika soko la Ruvumera zikiwa zimebonyea upande mmoja, na nyama ya alfajiri ikifika magharibi bila kuonja moto, haifai. Nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa mji huu, na nimezeekea Buyenzi, na kila mwanamke niliyemjua kule alikuwa na ujuzi wake wa kuchelewesha uozo. Ujuzi huo una historia ndefu kuliko mji wenyewe, lakini wanaosimulia historia ya mji huanza na askari.

Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi hapa mwaka 1897 na kukiita Usumbura. Kabla yao mwambao huu ulikuwa vijiji vya wavuvi, na mitumbwi kutoka Ujiji ilikuwa ikipita ikiuza na kununua. Mzigo mmoja uliokuwemo ulikuwa chumvi ya Uvinza. Kule, kwenye chemchemi za mto Ruchugi unaoingia Malagarasi, watu wamechemsha maji ya chumvi katika vyungu kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ilifungwa mizigo, ikabebwa hadi ziwani, na kwa mitumbwi ikafika mpaka huku Burundi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ujiji, na mpaka anakufa aliamini chumvi ya dukani ni dhaifu. Alikuwa akiionja kwa ncha ya ulimi kabla ya kuinunua, mwenye duka akimtazama.

Nataka msomaji aishike habari hii ya chumvi, maana ndiyo mzizi wa yote. Chumvi hunyonya maji kutoka kwenye nyama ya samaki, na vijidudu vya uozo haviwezi kuishi pasipo na maji ya kutosha. Jua hufanya kazi hiyohiyo, na moshi pia, ukiongeza ukali wake. Bibi hakusoma shule, lakini alikuwa akisema samaki haozi kwa sababu ya siku, anaoza kwa sababu ya maji. Nimesoma vitabu baadaye, sikuona kilichosema vizuri zaidi.

Ndagala ni samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wale ambao jirani zetu wa Kigoma wanawaita dagaa. Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliwakuta watu wakiwaanika juani, kwa hiyo kazi hii ni ya kale. Zamani wavuvi walitoka usiku na mwenge wa kuni mbele ya mtumbwi. Samaki wakifuata mwanga, mvuvi anawachota kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Kisha zikaja karabai. Katika miaka ya 1950 Wagiriki wa hapa mjini walileta meli zenye nyavu kubwa za kuzungusha, na wavuvi wadogo nao wakaanza kuunganisha mitumbwi miwili au mitatu na kutumbukiza wavu wa kuinua katikati. Samaki wakawa wengi kuliko walaji wa siku moja.

Lakini wingi huo una kalenda yake. Taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo mwezi ukikaribia kujaa, wavuvi hupumzika. Usiku wa giza mji mzima unanuka ndagala, na usiku wa mwezi mpevu huwapati hata kwa pesa. Mwanamke asiyeanika wakati wa giza atapika mboga tupu wakati wa mwangaza. Na milimani, Gitega na Ngozi, ndagala waliofika walikuwa wakavu tu, na waliporudi wafanyabiashara walirudi na maharage. Daraja kati ya ziwa na mlima lilijengwa na waanikaji.

Bibi alikuwa akianika hivi. Ndagala hawaoshwi kwa maji ya bomba, wanasuuzwa kwa maji ya ziwa ili mchanga utoke, halafu wanamwagwa juu ya mkeka au kwenye kokoto, wakitandazwa kiasi kwamba hakuna aliyelala juu ya mwenzake. Mchanga aliuchukia, kwa sababu ukiingia tumboni mwa samaki hautoki tena, na mlaji atausikia kwenye meno. Jua likipanda anawageuza kwa fagio jipya la majani, polepole, kichwa kisikatike. Jioni anawakusanya hata kama hawajakauka, anawafunika, kesho anawatoa. Kuwapima alikuwa akimchukua mmoja na kumkunja: akikunjika bado, akivunjika kwa mlio yuko tayari. Kisha anatazama jicho. Jicho jeupe lililoingia ndani ni zuri. Jicho jekundu lina maana kwamba samaki alikuwa ameshaharibika kabla ya kuanikwa, na huyo hatakaa mwezi.

Adui alikuwa mvua. Mvua ya Novemba ikinyesha saa nane mchana, mali ya siku tatu inageuka uji mbele ya macho yako, na hakuna wa kukulipa. Ndiyo maana naiheshimu sana kazi iliyofanyika mwaka 2004, pale FAO ilipowaonyesha waanikaji wa pwani ya kusini vichanja vya wavu wa waya vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka chini. Hewa inapita chini na juu, mchanga haugusi, na ikitaka kunyesha unafunika kwa turubai. Ndagala waliokuwa wakichukua siku 3 mchangani walikauka kwa saa 8. Kichanja ni miti, misumari na waya. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini jambo rahisi hivi lilichelewa namna hiyo, na jibu ninaloliona ni kwamba fedha za uvuvi siku zote zilienda kwenye nyavu na injini, yaani kwenye mikono ya wanaume, na kazi ya ufukweni ikaachiwa wanawake wenyewe.

Mukeke, samaki mwingine wa ziwa letu, na samaki wakubwa walikaushwa kwa moshi. Nyama nayo tulikuwa nayo nyingi kwa wakati mmoja baada ya Idi ya kuchinja, na Buyenzi, mtaa wa Waislamu wengi, siku hiyo kila nyumba ina fungu. Inayobaki inakatwa vipande vyembamba kufuata nyuzi za nyama, inapakwa chumvi na ndimu, inatundikwa juu ya moto mdogo wa kuni usiku kucha. Yenye mafuta inakaangwa katika mafuta yake mpaka maji yote yaishe, inapangwa kwenye chungu kikavu, na mafuta yaliyoyeyuka yanamiminwa juu mpaka yaifunike. Ikikaa wiki mbili ni sana kwa joto letu, lakini wiki mbili ni nyingi kwa nyumba yenye watoto.

Chupa ilikuja baadaye, na ilikuja na Wabelgiji. Mwaka 1946 palifunguliwa Usumbura nyumba ya mafunzo ya wanawake, Foyer Social, iliyoendelea mpaka mwisho wa ukoloni. Wanawake wa Kibelgiji waliwafundisha wake za makarani na mafundi kushona, kupiga pasi, kulea mtoto na kupika. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Waliofundisha waliwaona wanafunzi wao kana kwamba hawana elimu ya nyumba, na hilo lilimuuma mama mpaka uzeeni. Hata hivyo alichukua alichokitaka. Alitoka na jemu ya mapera, jemu ya mapapai, na mchuzi wa nyanya uliofungwa chupani.

Ufundi huo wa chupa wenyewe hauna umri mkubwa. Nicolas Appert, mtengeneza peremende wa Ufaransa, ndiye aliyegundua kwamba chakula kikifungwa kwenye chupa ya kioo, kikazibwa kwa kizibo na nta, kisha chupa ikachemshwa ndani ya maji, kitakaa miezi. Serikali yake ilimpa faranga 12,000, na mwaka 1810 akatoa kitabu. Hakujua kwa nini inafanya kazi. Sababu ilielezwa na Louis Pasteur karibu miaka 50 baadaye. Kwa hiyo bibi na Appert walikuwa katika hali moja: wote wawili walijua njia kabla ya kujua sababu.

Buyenzi, taabu ya kwanza ilikuwa chupa zenyewe. Brarudi ilianza kutengeneza bia hapa mwaka 1955, na tangu hapo chupa mjini ni mali ya kosinyo: ukiichukua lazima uirudishe, au upoteze pesa yako. Tena mdomo wake ni mwembamba. Baadaye mji ulipata kiwanda chake cha vioo, Verrundi, lakini nacho kilitengeneza chupa za vinywaji, na siku hizi hakipo. Mama aliokota chupa za mdomo mpana kwa wapishi waliofanya kazi Rohero kwenye nyumba za Wazungu, zile za mayonezi na za kahawa. Alizitunza kuliko vikombe vyake vya wageni.

Taabu ya pili ni nzito zaidi. Jirani yetu mmoja aliona nyanya za mama zimekaa miezi, akasema basi na mukeke atakaa. Akampika, akamfunga chupani, akachemsha chupa kama nyanya. Baada ya siku chache kifuniko kikavimba. Mama aliamuru chupa ile isifunguliwe, ichimbiwe shimo mbali na kisima. Hakujua jina la kilichomo, ila alijua chupa haivimbi bure. Kuna kijidudu kinachoitwa Clostridium botulinum, ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka hata kwa saa kadhaa. Kinapenda mahali pasipo na hewa na pasipo na uchachu, na chupa ya samaki, nyama au maharage iliyozibwa vizuri ndiyo nyumba kinayoiota. Sumu yake inalemaza mishipa mpaka pumzi, na mara nyingine chupa haivimbi wala hainuki. Kukiua kunataka joto la nyuzi 116 mpaka 121, joto linalopatikana kwa mvuke wa presha tu. Na hapa Bujumbura, kwenye kimo cha karibu mita 800, maji yanachemka kwenye nyuzi 97. Hata 100 hatufiki.

Ndiyo maana nawabishia vijana wanaosema wazee wetu hawakuendelea, walibaki na jua na moshi huku wenzao wakiweka nyama kwenye chupa. Walibaki na njia iliyokuwa salama kwa vyombo walivyokuwa navyo. Samaki mkavu akiharibika utamwona na utamnusa. Chupa inaweza kukuua hata ikiwa inapendeza.

Chupa ilipata nafasi yake halali kwenye vitu vichachu, na huko ilikutana na ufundi wa pwani uliokuwa umeshafika: achari. Embe mbichi za bonde la Imbo zinakatwa na ngozi yake, zinapakwa chumvi na manjano, zinaanikwa siku mbili tatu, kisha zinashindiliwa na pilipili, haradali na mafuta ya moto yaliyopozwa. Uchachu, chumvi na mafuta vinalinda kwa pamoja. Miaka ya vikwazo, kuanzia 1996 mpaka 1999, nchi jirani zilipofunga mipaka, mafuta ya taa yakapanda na karabai nyingi zikazimika ziwani, nyumba yetu ilikula ugali wa muhogo kwa achari ya embe na ndagala wachache wa akiba, siku nyingi mfululizo. Sitasahau thamani ya chumvi wakati ule. Watu waliuziana kwa kijiko.

Sasa ziwa limepanda. Tangu mafuriko ya 2021, na tena yale ya 2024, sehemu za ufukwe zilizokuwa za kuanikia zimefunikwa na maji, Gatumba watu wamehama nyumba zao, na ndagala wanaanikwa penye nafasi: juu ya mabati, kwenye nyua, kando ya barabara penye vumbi. Huko vumbini ninapinga, na ninawaambia wazi wanaouza. Penye uwanja mdogo, kichanja kinafaa kuliko popote.

Nyanya bado naziweka, wakati zinapojaa sokoni na bei inaanguka. Nazichemsha, natoa maganda, naziponda, najaza chupa za moto, na katika kila lita natia vijiko 2 vikubwa vya maji ya limau, kwa sababu nyanya za siku hizi ni tamu na uchachu wake hauaminiki. Chupa zinasimama ndani ya sufuria juu ya kitambaa zisigusane na chuma, maji yanazipita juu vidole viwili, na mbabula inalishwa makaa taratibu ili mchemko usikatike. Kwa kimo chetu, chupa ya lita inataka dakika 50 za mchemko kamili. Binti wa kaka yangu ameolewa Bugarama, juu ya mita 2,000, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi kama 93. Alipotaka kuanza nilimwandikia dakika 60, limau lilelile. Akauliza na nyama ya mbuzi je. Nikamwambia kule kwao kuni zipo na baridi ipo: aikate nyembamba, aitie chumvi, aitundike juu ya moshi.