Herufi Nene za Barabara ya Karatu

Mtu asafiriye kutoka Makuyuni kwenda Ngorongoro hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kisha huwasili Karatu. Hapo hulakiwa na maandishi kabla ya kulakiwa na watu: duka, hoteli, kinyozi, fundi baiskeli. Maandishi yaliyochorwa kwa mkono huwa ya herufi nene zenye mzaha: S hujikunja kama nyoka, O hugeuka gurudumu.

Tusiyadharau tukidhani ni mchezo mtupu. Unene huo una sababu, kwani msomaji yumo garini, na herufi nyembamba ingempita asiione. Fundi hupiga mistari kwa rula na chaki, hupima nafasi ya kila herufi, hujaza rangi ya mafuta, kisha hutia kivuli upande mmoja ili neno lionekane limesimama. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini barabarani hata chema chahitaji mpiga mbiu.

Sanaa hii imefungamana na historia ya taifa letu, kwa maana bango halina kazi pasipo msomaji. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipunguza wasiojua kusoma na kuandika kutoka asilimia 39 mwaka 1975 hadi asilimia 27 mwaka 1977. Kila aliyefuta ujinga alikuwa msomaji mpya wa ukuta wa duka.

Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, naye alitumia rangi za mafuta zing'aazo, juu ya mbao za kiwandani. Leo jina lake lajulikana duniani. Mbona mchora mabango, jirani yake katika ufundi, hatujui hata jina lake?

Siku hizi kompyuta huchapa mabango ya plastiki kwa muda mfupi, nayo herufi zake ni zile zile Karatu, Arusha na ng'ambo. Hatuzikatai mashine. Ila jua na mvua hufuta rangi, na ukuta ukipakwa upya historia imekwisha. Basi walimu na wanafunzi wayapige picha maandishi hayo, waandike mwaka na mahali, na wamwulize fundi jina lake angali hai.