Kukadiria mwanga

Mpiga picha akisema "eksposha", anazungumzia kiasi cha mwanga kilichoruhusiwa kufika kwenye kihisi cha kamera, au kwenye filamu enzi zile, hadi picha ikapatikana. Wengi wetu tukitafuta Kiswahili chake husema "mwangaza". Silikubali neno hilo hapa. Mwangaza ni wa jua, wa taa, wa kioo cha simu. Upo hata pasipo kamera. Eksposha ni uamuzi: katika mwanga huu uliopo, niingize kiasi gani? Ndiyo maana napendekeza tuseme kukadiria mwanga, na kinachopatikana tukiite kadirio la mwanga. Kadirio likizidi, picha hupauka. Likipungua, sura huzama gizani. Kitenzi hiki kinamdai mtendaji, na mtendaji huyo ni wewe uliyeishika simu.

Neno moja la mtaani tusilitupe. Zamani filamu ikifunguliwa juani kabla ya kusafishwa, tuliambiwa picha zimeungua. Leo neno hilo linafaa kabisa kwa sehemu ya picha iliyomeza mwanga mpaka ikabaki nyeupe tupu. Palipoungua hapaponi, kwa sababu kihisi kilishajaa na hakikuandika kitu. Palipo na giza kidogo unaweza kupainua baadaye, ingawa utaletewa chengachenga.

Kamera hukadiria kwa njia tatu: upana wa tundu la lenzi, muda ambao mwanga unapokelewa, na usikivu wa kihisi. Katika simu nyingi tundu halibadiliki, kwa hiyo simu hucheza na muda na usikivu. Lakini inajuaje kiasi kinachotosha? Vipima mwanga vya kamera vimejengwa juu ya dhana kwamba mandhari ya kawaida, ukiichanganya yote, hurudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, yaani kijivu cha wastani. Simu za sasa zina programu zinazotambua nyuso na kuunganisha picha kadhaa ziwe moja, na zinasaidia kweli. Hata hivyo, tabia ya kuvutia kila kitu kwenye wastani haijaisha. Kanzu nyeupe hutoka na rangi ya majivu. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe hupotea macho, pua na tabasamu.

Jambo hili lina historia inayotuhusu. Tangu miaka ya 1950, maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Filamu zilipokuja kuboreshwa ili zionyeshe vizuri rangi za kahawia, msukumo mmoja ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa katika matangazo. Mbao na chokoleti zilisikilizwa, na hilo linaniuma. Kwa hiyo anayepiga picha watu wetu asiiachie mashine ikadirie peke yake.

Chukua mama aliyekaa barazani saa saba mchana, ukuta wa chokaa nyuma yake unapigwa na jua. Simu inauona ukuta, inapunguza mwanga, na uso wa mama unakuwa kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo. Kwenye simu nyingi hutokea kisanduku na kijua kidogo pembeni. Kivute kijua juu taratibu mpaka mikunjo ya pembeni mwa macho ionekane. Sasa ukuta umeungua. Ukikubali, piga. Usipokubali, hakuna kitufe cha kukuokoa: mwombe asogee hatua chache, akae chini ya mwembe, uso ukielekea uwanja wenye mwanga. Nyuma yake kuwe na kivuli pia. Simu ya bei ya chini katika kivuli hicho itakupa ngozi yenye uhai, wakati kamera ya mamilioni ingehangaika palepale juani.

Linabaki lile neno la kurekebisha kile ambacho kamera imekadiria, lenye alama za kujumlisha na kutoa. Hilo tuliite kufidia kadirio. Kila kipimo kimoja kamili cha kujumlisha huongeza mwanga mara mbili. Cha kutoa huupunguza kwa nusu. Kwa shehe wa kanzu nyeupe anayejaza fremu, anza kwa kujumlisha kimoja, kisha angalia kama nakshi za shingoni bado zinaonekana. Zikianza kufutika, rudi nusu. Kwa paka mweusi aliyelala kwenye kochi jeusi, toa kimoja, la sivyo simu itakuletea paka wa kijivu.