CHUNGU CHA WAKISI: Dizaini kali ya Ziwa Nyasa isiyo na jina la mtu

Mwaka 1985 msanifu majengo wa Marekani, Michael Graves, aliibunia kampuni ya Alessi ya Italia birika lenye kindege kinachopiga mluzi maji yakichemka. Likawa gumzo, ila bei yake haikuwa ya kila mtu. Mwaka 1999 akaingia mzigoni na maduka ya Target: birika, saa, kibaniko cha mkate, vyote bei poa na vyote vikiuzwa kwa jina lake. Watu wakashangaa, kumbe kitu cha bei chee nacho kinaweza kuwa kikali!

Kwa watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa hiyo siyo habari mpya. Ukitoka Mbaha kwa njia ya maji kwenda kaskazini, unapita Manda, unapita Lupingu, mpaka unafika kwa Wakisi, jirani na Matema. Huko wanawake wamefinyanga vyungu vizazi na vizazi kwa mikono yao.

Cheki akili iliyomo. Kitako ni cha mviringo, hivyo chungu kinatulia juu ya mafiga matatu na moto unakizunguka. Hakina kona, na kona ndipo udongo hupenda kupasukia. Kuta zake ni nyembamba, kwa hiyo ni chepesi kubeba kichwani au kupakia kwenye mtumbwi. Mtungi wa maji nao unatoa jasho kidogo kwa nje. Jasho likikauka, maji ya ndani yanapoa. Friji isiyotaka umeme hiyo!

Na siyo bora liende. Vinasuguliwa, vinapambwa kwa rangi, vinachomwa, ndipo vinapelekwa sokoni kwa bei ya mama wa kawaida.

Tofauti ni moja tu. Jina la Graves liliuza birika. Bibi aliyeanza kulifinyanga umbo hili hajulikani, na wajukuu wake wanaolifinyanga leo hawatajwi. Huku nyuma sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimeshajaa majikoni. Ujuzi huu haukai kwenye mchoro, unakaa mikononi. Mnunuzi akipotea, binti anakosa sababu ya kukaa chini na mama yake ajifunze.

Siku hizi chungu kama hicho utakikuta sebuleni mjini, kimepandwa maua. Mgeni anakisifia, anauliza kimenunuliwa shilingi ngapi. Kimefinyangwa na nani? Hilo haulizi mtu.