Mshipa wa moyo wa mtoto ukibana tena baada ya upasuaji, unatibiwaje?

Mtoto amefanyiwa upasuaji wa moyo, kidonda kimepona, anacheza na wenzake. Wazazi wengi hudhani kazi imekwisha. Lakini kwa baadhi ya watoto, mshipa uliorekebishwa hubana tena, tena kimyakimya.

Mshipa gani?
Mfano mmoja ni aota, mshipa mkubwa unaopeleka damu kutoka kwenye moyo kwenda mwilini. Kuna watoto wanaozaliwa aota yao ikiwa nyembamba sehemu moja. Mwaka 1944, daktari Clarence Crafoord wa Stockholm, Sweden, alimtibu mgonjwa kwa kukata kipande chembamba na kuunganisha ncha mbili. Njia hiyo bado inatumika.

Kwa nini hubana tena?
Paliposhonwa hubaki kovu, na kovu halikui kama mshipa wenyewe. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliopasuliwa wakiwa wachanga.

Dalili
- Presha ya mkononi kuwa juu kuliko ya mguuni
- Mapigo dhaifu kwenye kinena
- Kuumwa kichwa
- Miguu kuchoka au kuuma akikimbia

Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Ndiyo maana kliniki hupima presha ya mkono wa kulia na ya mguu. Tofauti ikizidi 20, madaktari huanza kufikiria tiba.

Tiba
Mara nyingi kifua hakifunguliwi tena. Kwenye mtambo wa Cathlab, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi palipobana. Puto dogo lililo kwenye mrija hujazwa, mshipa hutanuka, kisha puto hutolewa.

Mtoto mkubwa anaweza kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachozuia mshipa usirudi kubana. Kwa mdogo sana madaktari husita, maana stenti haikui pamoja naye. Akikua, huenda ikabidi itanuliwe tena.

Mshipa unaweza kuchanika au kuvimba, hivyo tiba hii hufanyika penye wapasuaji wa moyo. Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) iliyopo Dar es Salaam hutibu watoto kwa Cathlab.

Kwa mzazi
Usiache kliniki kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Tunza karatasi za upasuaji, na hakikisha anaendelea kupimwa hata akiwa mtu mzima.