Kabla hujanunua kigari cha juu cha otomatiki, uliza kwanza gia boksi

Haipiti wiki bila jirani au ndugu kuniuliza swali lile lile: "Kaka, nina hela ya kigari cha juu, otomatiki, nichukue kipi kisichonisumbua?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo nayamwaga yote hapa.

Kwanza kisa changu. Mimi ni mkazi wa Buguruni, si mbali na Malapa. Mke wangu anauza matunda sokoni. Tulichukua mkopo wa saccos tukanunua gari la Kijapani, safi, rangi inang'aa. Mwaka mzima halikusumbua. Nikalipeleka sevisi kwa fundi mmoja wa mtaani, simtaji. Akamwaga oili ya gia boksi, akajaza haidroliki ya kawaida, ile nyekundu inayouzwa kila duka. Wiki tatu baadaye nipo Barabara ya Mandela, foleni ya kwenda Tazara, nampeleka mama kliniki ya presha. Gari likaanza kulia kama feni iliyokosa grisi. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliendi. Mama akamalizia safari kwa bajaji. Gia boksi ya mtumba niliambiwa milioni 3, na mkopo wenyewe haujafika nusu! Gari likalala uani miezi 5, kuku wakawa wanataga chini yake.

Fundi alikosea, sawa. Ila na mimi sikujua nimenunua nini. Ile gia boksi ilikuwa CVT.

Tofauti ni hii. Otomatiki ya kawaida ina gia za kweli ndani, 4, 5 au 6, zinazopokezana kwa kubanwa na kuachiwa na klachi zinazoendeshwa na presha ya oili. CVT haina ngazi hizo. Ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli zinapanuka na kujibana, mwendo unabadilika bila mshtuko. Ni laini na inabana mafuta, siikatai. Lakini mkanda ule unashika kwa msaada wa oili yake maalumu, kwa mfano NS-2 au NS-3 kwa Nissan. Ukiweka haidroliki ya kawaida mkanda unateleza, chuma kinakula chuma. Halafu haipendi joto, na sisi foleni na jua ndiyo maisha yetu. Hata Marekani yalizuka malalamiko, mpaka Nissan wakaongeza dhamana ya CVT za magari yao ya miaka ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kule kuna dhamana. Hapa ukishakabidhiwa funguo na dalali, umekwisha.

Sasa tuje kwenye magari. Naongelea yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, maana ndiyo mengi hapa kwetu.

Toyota RAV4 ya 2000 hadi 2005, ile tunayoiita Kilitime. Ina gia 4 za kweli. Spea zake Kariakoo hukosi na kila fundi anaijua. Angalia injini tu: nyingi za lita 2 ni D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na haisamehe petroli chafu. Iliyofuata, ya kuanzia mwishoni mwa 2005, wengi hudhani ni ile ile imenenepa. Hapana, ya Japani ya lita 2.4 ni CVT. Ndugu yake Vanguard ya lita 2.4 vivyo hivyo.

Nissan X-Trail ya kwanza, T30, 2000 hadi 2007. Gia 4 za kweli. Ugonjwa wake ni sensa za injini, linaweza kukuzimikia njiani, ila sensa si gia boksi. X-Trail T31 ya petroli iliyoanza 2007 ni CVT. Majina yaleyale, sura zinafanana, wengi wanaumia hapo.

Honda CR-V ya 2001 hadi 2006 na ile ya 2006 hadi 2011. Zote gia za kweli. Injini ngumu kweli kweli. Spea zake si nyingi kama za Toyota, na linataka oili ya Honda yenyewe.

Suzuki Escudo, yaani Grand Vitara, ya kuanzia 2005. Lita 2 ina gia 4. Ukiwa na shamba au unaishi kwenye barabara mbovu, hili ndilo. Linakunywa mafuta kidogo zaidi ya wenzake.

Toyota Rush ya 2006 hadi 2016, injini ya 1.5, gia 4. Dogo, la juu, halina makuu. Kwa familia ya watu 4 linatosha.

Subaru Forester ya 2007 hadi 2012 ina gia 4. Lililofuata lisilo na tabo likaja na CVT pia. Kagua kama injini inavuja oili au inachemsha.

Mazda CX-5 ya 2012 na kuendelea ina gia 6 za kweli. Kwa mwenye mfuko mpana. Chukua la petroli. La dizeli lina chujio la moshi linaloziba kama safari zako ni Buguruni na Posta tu.

Kujua ulichoshika, usimsikilize dalali. Kwa Toyota soma kibati cha chasisi, sehemu ya gia boksi: kodi ikianza na K ni CVT, ikianza na U au A ni otomatiki ya kawaida. Halafu liendeshe kwenye D na tazama mshale wa mzunguko wa injini. Ukipanda, ukashuka ghafla, ukapanda tena, hizo ni gia. Ukiganda mahali pamoja huku mwendo unaongezeka, ni CVT.

Kupima, nenda asubuhi gari likiwa baridi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Toa P weka D, kisha R. Likichelewa kushika au likipiga teke, ondoka. Vuta stiki ya oili kama ipo: nyekundu safi ni vizuri, ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni kilio. Ikiwa ya waridi kama imechanganywa na maziwa, maji yameingia, huenda gari limepita mafuriko. Sisi wa Buguruni tunajua mvua za masika zinavyofanya. Mwisho panda nalo Pugu hadi Kisarawe, likishachemka ndipo ukweli unatoka.

Kuhusu ushuru, kama unaagiza mwenyewe: injini ya cc 1,001 hadi 2,000 inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 5, ikizidi 2,000 ni asilimia 10. Gari lililozidi miaka 8 lina tozo ya ziada ya uchakavu. Kwa hiyo magari haya ya zamani mara nyingi ni nafuu kuyapata kwa mtu hapahapa kuliko kuyaagiza. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, pigia hesabu kabla hujatuma hata senti.

Ukishanunua, nunua mwenyewe oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, simama hapohapo fundi akiijaza. Mimi nabadilisha kila kilomita 40,000.

Lile gari niliuza kwa bei ya kutupa. Sasa nina X-Trail T30, imezeeka, rangi imepauka, sensa nimeshabadilisha mbili. Mama anaenda kliniki na kurudi. Mkopo tulimaliza kulipa mwaka jana, na kuku wametafuta pengine pa kutagia.

Nawasilisha.