Nyama ya Kifuani

Mdogo wangu alifundisha hesabu miaka 29, na muda wote huo ugoro haukukosekana chini ya mdomo wake. Mwaka 2009 alikutwa na saratani ya kinywa. Madaktari walisema watakata nyama iliyo chini ya ulimi, kisha pengo waliziba kwa msuli wa kifuani mwake. Alikataa. "Kaka, bora nife na kinywa changu."

Wakati huo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na somo langu ni historia. Dawa nyingine sikuwa nayo, nikamsimulia.

Nilianza na Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1597. Aliunda pua kwa ngozi ya mkono, na mgonjwa alikaa wiki kadhaa mkono umefungwa usoni. Taabu ilikuwa damu. Kipande kinene kikitengwa na mwili bila mshipa wa kukilisha, huoza. Ilibidi kibaki kimeshikamana na kilikotoka hadi kipate damu ya makao mapya. Hata Harold Gillies, aliyewatibu askari wa Uingereza walioharibiwa nyuso katika Vita Kuu ya Kwanza, hakuikwepa taabu hiyo. Mwaka 1917 alikunja ngozi ya kifua ikawa kama mrija, akaihamishia usoni pa baharia aliyeungua. Ilikuwa kazi ya hatua kwa hatua, ya kungoja sana.

Mwaka 1979 daktari Mmarekani, Stephan Ariyan, alieleza njia nyepesi zaidi. Msuli mkubwa wa kifua una mshipa wake, unaoshuka kutoka chini ya mtulinga. Daktari huuinua msuli pamoja na ngozi iliyo juu yake, mshipa asiukate, akaupitisha chini ya ngozi ya shingo mpaka kinywani. Hufanyika siku ile ile, bila darubini ya upasuaji. Ndiyo maana hospitali zenye vifaa vichache zinauthamini mpaka leo.

"Na mshipa ukibanwa?" aliuliza mwalimu wa hesabu.

"Nyama itakufa."

Sikutaka kumdanganya. Alikaa kimya hadi magharibi, akaomba karatasi atie sahihi.

Aliishi miaka saba tena. Maneno yake yalikuwa mazito, lakini mke wake alimwelewa, na uji alimeza. Jambo moja hakuna aliyemwonya: ile ngozi ilikuwa ya kifua cha mwanamume, na ndani ya kinywa ikaendelea kuota nywele. Alinipigia simu, nusu analalamika, nusu anacheka.

"Kaka, katika historia yako yote, nywele hukuzitaja."