Mzigo wa Kamera katika Mwambao Wetu

Historia ya upigaji picha katika Afrika Mashariki huandikwa mara nyingi kwa kuwataja waliopiga na waliopigwa. Husahauliwa wa tatu, naye ni yule aliyebeba. Pamoja naye husahauliwa kile alichobebea: sanduku, kasha, mkoba au begi. Nimeishi miaka mingi kusini ya Pangani, katika pwani hii ya Kipumbwi na Mkwaja, nami nimeamini kwamba chombo hicho cha kubebea kimeamua mengi kuhusu yale tunayoyaona leo juu ya wazee wetu, na yale yaliyopotea moja kwa moja.

Tuanze na mwaka 1860. Kapteni James Augustus Grant alifika Unguja pamoja na John Hanning Speke, wakijiandaa kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant alikuwa na vifaa vya kupigia picha, na zile alizopiga Unguja mwaka huo ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za visiwa vyetu. Lakini utaratibu wa siku hizo ulikuwa wa taabu. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa ndani ya kamera kingali kimaji, kisha kikasafishwa papo hapo kabla hakijakauka. Aliyetaka picha moja ilimbidi asafiri na vioo, chupa za dawa, maji na hema la giza. Speke aliandika baadaye kwamba joto la hema lile dogo lingemwua mwenzake. Basi vifaa vikarudishwa, na Grant akashika brashi na rangi. Ndiyo sababu Karagwe na Buganda za safari ile twaziona kwa michoro. Haikuwa kwamba watu wa huko walikataa kupigwa picha. Mzigo wenyewe ulitengenezwa na watu wasiolijua jua letu.

Mwaka 1871 Richard Leach Maddox, tabibu wa Uingereza, alitangaza njia ya kioo kikavu, na hema la giza likaacha kuwa lazima kwa kila picha. Uzito wa vioo haukuondoka. Mpagazi wa misafara alibeba kwa kawaida kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kichwani au begani. Methali yetu yasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wengi huisema kama sifa ya nguvu, nayo ni sifa kweli, lakini pia ni ushahidi. Yatuambia kwamba aliyechagua sanduku na aliyelibeba hawakuwa mtu mmoja. Mwenye kuchagua hakuumia shingo, na kona kali ya sanduku haikumhusu.

Jambo hilo lilianza kubadilika mwaka 1888. Mwaka huo, wakati pwani yetu ya Pangani ilipokuwa imeingia katika vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, kule Marekani George Eastman alitoa kamera ya Kodak, sanduku dogo lenye utepe wa kutosha picha 100. Mwaka 1925 ikaja Leica, iliyotumia utepe wa sinema na kuingia katika mfuko wa koti. Kwa mara ya kwanza mpiga picha akawa mpagazi wa nafsi yake. Na hapo, msomaji, ndipo malalamiko juu ya begi la kamera yalipoanza kusikika, kwa kuwa sasa anayelalamika alikuwa na kalamu.

Malalamiko hayo nayafahamu begani mwangu. Chuoni tulifundishwa kwamba picha ni zana ya kufundishia, na nilipokuwa mwalimu mkuu nilibeba kamera ya shule kwa miaka mingi. Ganda lake la ngozi lilifungwa kwa skrubu chini ya kamera, hata kubadili filamu ilikuwa lazima ulivue lote, na watoto wamekwisha kupangwa juani. Begi nililonunua baadaye lilikuwa na sponji nene ndani. Sponji hiyo ilikunywa jasho na rasharasha za bahari kila tulipopanda mashua, isikauke kwa siku tatu. Zipu ilishika kutu kwa chumvi ya hewa. Mkanda uliteleza begani. Na juu ya kifuniko paliandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa, kana kwamba kumwita mwizi wa kituo cha mabasi aje achukue chake.

Si kwamba watengenezaji ni wajinga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika miaka ya 1970 Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, alichoshwa na masanduku magumu, akabuni mfuko wa turubai laini unaokaa ubavuni na kufunguka upesi. Mfuko huo ulipendwa na waandishi wa habari wa nchi nyingi. Alifanikiwa kwa sababu alikuwa analala juu ya kitanda hicho. Lakini hata yeye alilalia kitanda cha Philadelphia.

Adui wetu wa kwanza si mshindo, ni unyevu. Kuvu huota juu ya ngozi, kisha huingia katika lenzi na kuila, na alama yake katika kioo haifutiki. Begi lililozibwa vizuri ili mvua isiingie, huuzuia pia unyevu usitoke. Wapiga picha waliozunguka vijijini siku za Idi na Maulidi walilijua hilo bila kufundishwa. Nimewaona wakitia kamera katika kikapu cha ukindu na kuifunika kanga. Kikapu hupumua, hakina kutu, na mwizi hudhani mna samaki. Vumbi ndilo lililowashinda.

Nasema haya kwa sababu si hadithi ya mabegi tu. Ranchi ya Mkwaja, iliyokuwa ya kampuni ya mkonge ya Amboni, ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Watu waliochunga ng'ombe pale, wakipambana na mbung'o, walitawanyika. Niliwahi kuwaomba wanafunzi walete picha za nyumbani kwa somo la historia. Zililetwa katika bahasha na mifuko ya nailoni, nyingi zimegandana kama chapati, nyuso zimekwisha kuliwa na kuvu. Baba aliyesimama mbele ya zizi amebaki miguu na fimbo. Siku mjukuu atakapoulizwa babu yake aliishi wapi, hana cha kuonyesha.

Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na vijana huona neno hili limekwisha. Halijakwisha. Picha za karatasi zingali makabatini, na pwani haijapungua unyevu. Usizifunge katika nailoni. Zitenganishe moja moja kwa karatasi safi, uzitie katika kopo kavu pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uzifungue kila baada ya kusi na kaskazi. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli majina ya waliomo. Na kama kando yupo aliyebeba sanduku, mwandike naye.